Alhamisi 3 za mtoto wa mkulima

*Alitunza siri za Ikulu miaka nenda rudi bila mtu kumjua. Siku alipokabidhiwa kipaza sauti, mambo yakabadilika. Je, Mizengo Pinda aliponzwa na upole wake, au aliponzwa na ulimi?*

UKITAKA ubishi usiokwisha pale Inyonga, achana na Simba na Yanga. Taja jina moja tu: Pinda. Mmoja atakwambia mzee yule alikuwa mpole mno kwa kazi ile, siasa za mjini zikamzidi kimo. Wa pili atadakia kwamba huo upole ndio uliompandisha. Wa tatu, aliyekaa pembeni na dumu lake la asali, atauliza swali moja tu: kabla yake, nani huko Dar es Salaam aliyekuwa anajua Inyonga iko wapi?

Wote watatu wana hoja, na wote watatu wamekosea kidogo. Maana ukiyapanga maisha ya mzee huyu mwaka baada ya mwaka, unaona kitu ambacho kelele za vijiweni zinakifunika. Huyu alikuwa mtu wa kalamu. Kila alipoandika, alipanda cheo. Kila alipofungua mdomo mbele ya kipaza sauti, nchi nzima ilisimama. Na siku zilizomjenga na kumtikisa zilikuwa, ajabu ya Mungu, siku ileile moja ya wiki: Alhamisi.

Tuanze nyumbani kwao.

Porini kwelikweli

Mizengo Kayanza Peter Pinda alizaliwa tarehe 12 Agosti 1948. Kwao ni Kibaoni, nchi ya Wapimbwe, huko bondeni Rukwa, kusini ya mbuga ya Katavi. Enzi hizo kote huko kuliitwa Mpanda tu, ndani ya Jimbo la Magharibi ambalo mkubwa wake alikaa Tabora. Mpanda mjini palikuwa na madini ya risasi, na Wazungu wakaleta reli kutoka Kaliua kwa ajili ya hayo madini. Kibaoni haikuwa na madini. Inyonga nayo, upande wa pili, kwa Wakonongo, haikuwa na reli. Ilikuwa na miyombo, nyuki, tembo na mbung'o.

Msomaji ambaye hajawahi kupita njia ile ya zamani kutoka Tabora, Sikonge, Ipole, Koga hadi Inyonga, aelewe kwamba lile lilikuwa pori hasa. Masika yakianza, lori linaweza kulala njiani, utingo na dereva wakapika ugali chini ya chesisi wakisubiri udongo ukauke. Ukifungua dirisha, mbung'o wanaingia kama abiria waliokata tiketi. Ukilifunga, joto linakumaliza. Uchague mwenyewe.

Mtoto wa mkulima kutoka huko alikuwa na njia chache za kutokea. Angeweza kulima kama baba yake, angeweza kwenda kufanya kibarua, au angeweza kung'ang'ania shule. Pinda aling'ang'ania shule mpaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatoka na shahada ya sheria mwaka 1974. Hili jina la "mtoto wa mkulima" alilipenda mwenyewe, na lilimkaa mpaka likawa kama jina la ubatizo. Wapinzani walilitumia kumkejeli, wapambe walilitumia kumsifu, na yeye hakulikana hata siku moja.

Bwana mafaili

Kazi ya kwanza ilikuwa uwakili wa serikali, Wizara ya Sheria, mwaka uleule wa 1974. Mwaka 1978 akahamia Ikulu, na kutoka 1982 hadi 1992 alikuwa katibu msaidizi wa Rais.

Hapo tusimame kidogo. Miaka 10 ile haikuwa mchezo. Mwalimu Nyerere alikuwa bado madarakani mpaka 1985, akafuata Mzee Ali Hassan Mwinyi. Dukani sukari ni ya foleni, sabuni ni ya kujuana, vita vya Kagera vimeiacha hazina mikono mitupu. Halafu ruhusa ikatoka, magendo yakageuka biashara, Azimio la Arusha likawekwa kando kule Zanzibar mwaka 1991, na 1992 vyama vingi vikarudi. Mambo yote hayo yalipita mezani kwa Rais katika mafaili. Na mafaili hayo yana watu wanaoyabeba, wanaoyapanga, wanaoyasoma kabla ya mkubwa, na wanaojua lipi liende leo na lipi lisubiri kesho.

Baadaye, kutoka 1996 hadi 2000, chini ya Rais Benjamin Mkapa, akawa karani wa Baraza la Mawaziri. Karani huyo si mpiga taipu wa kawaida. Ni mtu anayekaa ndani ya chumba wanamofungiana vigogo wote wa nchi, anaandika nani kasema nini na limeamuliwa lipi, kisha anatoka nje na kunyamaza. Mawaziri wanakuja na kuondoka. Wengine wanaondoka kwa kashfa. Karani anabaki, na siri zao ziko kifuani kwake.

Ukifanya kazi hiyo muda mrefu unajifunza mambo mawili. La kwanza, serikali inaishi kwenye karatasi. Kisichoandikwa hakipo. La pili, mwenye kunyamaza hana adui. Pinda alijifunza yote mawili vizuri kupita kiasi.

Mwaka 2000 akatoka kwenye kivuli. Aligombea ubunge Mpanda Mashariki, jimbo lililounganisha Mpimbwe kwao na Inyonga, akashinda kwa tiketi ya CCM. Akiwa na miaka 52, mkimya yule wa Ikulu ikabidi ajifunze kupanda jukwaani na kuomba kura kwa watu ambao shida zao ni maji, dawa na barabara. Mkapa akampa unaibu waziri, tawala za mikoa na serikali za mitaa. Januari 2006 Rais Jakaya Kikwete akampandisha kuwa waziri kamili wa hiyohiyo TAMISEMI, ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Bosi wake akawa Edward Lowassa.

Alhamisi ya kwanza

Nani asiyeikumbuka Februari 2008? Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani, mabwawa yamekauka, umeme wa mgawo. Ikaletwa kampuni iitwayo Richmond, ifue megawati 100 za dharura. Umeme haukuja kwa wakati, na ikaja kubainika kwamba kampuni yenyewe haikuwa na ubavu wa kazi ile. Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Ripoti iliposomwa Dodoma, ukumbi ukawa tanuri.

Alhamisi, tarehe 7 Februari 2008, Lowassa akasimama bungeni na kutangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, wakaondoka naye. Baraza zima likavunjika. Usiku ule mjini Dodoma haukuwa wa kulala. Kila kigogo simu iko sikioni, kila mpambe anapiga ramli: nani atachukua kiti?

Majina makubwa makubwa yakatajwa. Kesho yake Ijumaa, jina lililoletwa bungeni likawa la yule mpole wa TAMISEMI ambaye wengi walikuwa hawamhesabu. Kura 279 zikasema ndiyo, 2 zikasema hapana. Jumamosi, tarehe 9, akaapishwa Chamwino. Ndani ya siku mbili mtoto wa mkulima kutoka Kibaoni akawa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Kwa nini yeye? Jibu ni rahisi ukiangalia hali ya siku ile. Nyumba ilikuwa inawaka moto, na mwenye nyumba hakutaka mtu wa kuongeza kuni. Alitaka mtu asiye na makundi, asiye na makampuni, anayeijua serikali mpaka vyumba vya ndani, na ambaye hakuna mtu anayemdai. Hapo ndipo ukimya wa miaka 20 ulipolipa.

Na mwanzoni watu walimpenda. Alivaa kawaida, aliongea taratibu, akicheka anacheka hasa. Aliyasema mashangingi ya serikali waziwazi, yale magari makubwa yanayokunywa mafuta kama ngamia aliyetoka jangwani, akitaka matumizi yapunguzwe. Wananchi wakapiga makofi. Wenye mashangingi nao wakapiga makofi, kisha wakapanda mashangingi yao wakaenda zao.

Alhamisi ya pili

Sasa tunaingia kwenye jambo zito. Kuanzia 2007, kanda ya ziwa na magharibi ya nchi ilichafuka kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Watu, wakiwamo watoto wadogo, walivamiwa usiku na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo vinaleta utajiri. Mama analala na mtoto wake, anaamka hana mtoto. Kikwete aliwahi kulipigia kelele jambo hilo, na Aprili 2008 alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Mauaji hayakukoma.

Januari 2009 Waziri Mkuu akaenda mwenyewe kuzunguka mikoa iliyoathirika. Serikali ikafuta leseni za waganga wa jadi. Na huko ziarani, mbele ya watu waliojaa hasira na hofu, Pinda akatamka neno ambalo halikutarajiwa kutoka kinywani mwa mwanasheria: kwamba atakayekutwa anaua albino, au ana kiungo cha albino, na yeye auawe hapohapo.

Wananchi wakashangilia. Dodoma wakashtuka. Wabunge wa upinzani wakauliza: hivi Waziri Mkuu, aliyekuwa wakili wa serikali, anawaambia raia wajichukulie sheria mkononi? Mahakama ifungwe?

Alhamisi ya tarehe 29 Januari, saa ya maswali kwa Waziri Mkuu, akaulizwa ana kwa ana. Akasimama kujieleza. Alipofika kwenye mateso ya wale watu, sauti ikakata. Mzee akalia. Akalia mbele ya wabunge, mbele ya kamera, mbele ya nchi nzima.

Bwana wee! Tanzania ilikuwa haijazoea. Kiongozi wa kiume analia bungeni? Vijiwe vikagawanyika. Wengine walisema yale ni machozi ya kisiasa, ya kukwepa swali. Wengine walisema kwa mara ya kwanza wamemwona mkubwa anayeumia kama wao.

Sisi tuseme hivi. Machozi yale yalikuwa ya kweli na kosa lilikuwa la kweli vilevile. Mtu anaweza kuumia sana na bado akakosea. Ukiruhusu umma uue, kesho umma huohuo utaua kikongwe mwenye macho mekundu, na huko Usukuma na Unyamwezi vikongwe wengi walishauawa hivyo. Dawa ilikuwa palepale alipofundishwa kijana wa mwaka 1974: upelelezi, ushahidi, hukumu. Na ndivyo ilivyokuja kuwa. Mwaka huohuo wa 2009 serikali iliendesha kura ya siri watu wawataje wahusika, na Septemba 2009 mahakama ikiwa Kahama ikawahukumu kifo watu 3 kwa mauaji ya mvulana mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Jaji alikuwa na faili lililokamilika, na hilo ndilo lililowabana.

Lakini tusimnyime haki yake. Baada ya machozi yale hakuna mtu nchini aliyeweza tena kusema hajasikia. Mambo yaliyokuwa yakinong'onwa vijijini yakawa ya taifa, na magazeti ya dunia yakaandika.

Alhamisi ya tatu

Miaka minne ikapita. Tuje 2013, mwaka wa joto kali. Mtwara kulikuwa na vurugu za gesi, watu wakitaka isipelekwe Dar es Salaam kwa bomba. Arusha mabomu yalilipuka, kwanza kanisani mwezi Mei, kisha Juni kwenye mkutano wa CHADEMA. Polisi wanalaumiwa kwa kutumia nguvu, serikali inalaumiwa kwa kulegea. Kila mtu anamlaumu mwenzake.

Alhamisi, 20 Juni 2013, saa ileile ya maswali. Pinda akaulizwa juu ya raia kupigwa na vyombo vya dola. Yule mpole, mtu wa kuchagua maneno kama anayechambua mchele, akasema anayeambiwa asifanye kitu na akakaidi, basi wampige tu, maana serikali imechoka.

"Wapigwe tu!" Neno likatoka ukumbini, likapanda daladala, likafika sokoni, likaingia kwenye nyimbo za utani za mitaani. Lile lilikuwa jina la pili la mzee. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika wakampeleka Mahakama Kuu. Hebu fikiria: wanasheria wenzake wanamshitaki mwanasheria kwa kusahau sheria. Mwaka 2014 kesi ikatupwa kwa hoja za awali, bila Waziri Mkuu kulazimika kulijibu lile swali lenyewe: je, mwenye dola anaruhusiwa kusema hivyo?

Kisheria alishinda. Mitaani neno halikufutika. Ndiyo tofauti ya faili na ulimi. Faili likikosewa unaweka karatasi nyingine juu yake. Neno likitoka, limetoka.

Dhoruba za wenzake

Ukiangalia vizuri, misukosuko mingi iliyompata mzee huyu haikutoka mfukoni kwake. Aprili 2012, ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilipofichua ulaji wa fedha za umma, Zitto Kabwe alizunguka na karatasi kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Kosa lilikuwa la mawaziri, lakini kwa katiba yetu huwezi kuwang'oa mawaziri, unamng'oa Waziri Mkuu. Kikwete akalivunja lile joto mwezi Mei kwa kulipangua baraza.

Desemba 2013 ikaja Operesheni Tokomeza. Ilianzishwa kuwaokoa tembo, ikaishia kuwatesa wafugaji na wanavijiji. Mawaziri 4 wakapoteza kazi, na Pinda ndiye aliyesimama bungeni kutangaza uamuzi wa Rais. Kwa mtu wa Katavi habari ile haikuwa ya gazetini tu. Tembo wanatoka kwao, na wafugaji waliokuwa wakihamia kwenye mapori ya Mlele na Mpimbwe nao wako kwao.

Novemba 2014 ikafuata akaunti ya Escrow ya Tegeta, mabilioni yaliyotoka Benki Kuu. Jina lake likatajwa kwenye mjadala, kwamba alijua na hakuzuia. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, mawaziri wakaanguka, Pinda akabaki. Watu wakaanza kusema huyu mzee ana dawa. Dawa gani? Hakuwa na kundi la kuliogopesha kundi lingine. Mti usio na kivuli kikubwa haukatwi haraka.

Lakini hapo ndipo lawama halisi ilipo, na tuiseme bila kuzunguka. Mpole anayebaki salama kila nyumba inapoungua, mwisho ataulizwa: ulikuwa wapi na ndoo? Waziri Mkuu ndiye msimamizi wa shughuli za serikali za kila siku. Tabia ya karani, ya kuandika na kunyamaza, inafaa chumba cha karani. Kwenye kiti cha pili kwa Rais wa Muungano katika kazi za kila siku, ukimya unasomeka kama ruhusa.

Karatasi iliyobaki

Sasa turudi Inyonga, maana ndiko swali la yule mwenye dumu la asali linakosubiri.

Machi 2012 Katavi ikatangazwa rasmi kuwa mkoa, sambamba na Geita, Simiyu na Njombe. Ikamegwa kutoka Rukwa, ambako makao makuu yalikuwa Sumbawanga, mbali mno kwa mtu wa kule. Wilaya mpya ya Mlele ikazaliwa, na makao makuu yake yakawekwa Inyonga. Serikali za mitaa zote zilikuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, yaani kwa mzee mwenyewe. Watu wa mikoa mingine walinung'unika: eti mkoa mzima kwa ajili ya mtu mmoja! Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 Katavi, idadi ndogo kuliko mkoa wowote wa Bara. Manung'uniko yalikuwa na mahali pa kushika.

Lakini sensa ya 2022 ikaja na watu 1,152,958. Wameongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya miaka 10. Waliokuja hawakuja kumfuata Pinda, kwani alikuwa keshastaafu. Walifuata ardhi, malisho na dhahabu. Swali la kujiuliza ni hili: kama mkoa usingekuwapo, watu milioni hao wangeandikishwa wapi, wangetibiwa wapi, kesi zao zingesikilizwa wapi? Sumbawanga?

Mkuu wa wilaya anakaa Inyonga. Halmashauri iko Inyonga. Mtu wa Ilunde au Utende mwenye mgogoro wa shamba hapandi tena lori siku mbili kumtafuta mkubwa. Barabara ile ya Tabora, Koga, Inyonga hadi Mpanda leo ni lami. Iliwekwa baada ya yeye kuondoka, wakati mbunge aliyemrithi katika jimbo la Katavi, Mhandisi Isack Kamwelwe, akiwa waziri mwenye dhamana ya ujenzi. Kijiti kilipokewa.

Halafu kuna nyuki. Wakonongo walikuwa warina asali kabla ya serikali yoyote. Mizinga yao ya asili ni ya magome na magogo, inapandishwa juu ya miti ya miyombo, na asali inarinwa usiku kwa moshi. Shida ya mzinga wa gome ni kwamba mti uliovuliwa gome unakufa. Pinda, ambaye mwenyewe ni mfugaji nyuki, aliihubiri mizinga ya kisasa ya mbao kila alipopata nafasi, mpaka mawaziri wenzake wakawa wanamtania. Asali ya Inyonga, iliyokuwa ikiuzwa kwa debe kwa wachuuzi wa Tabora, ikaanza kujulikana kwa jina lake. Hilo ndilo jambo moja aliloweza kulisema kwenye kipaza sauti bila kujuta.

Mlango wa mwisho

Mwaka 2015 akajaribu mlango wa mwisho. CCM ilikuwa na wachukua fomu zaidi ya 30 wakiutaka urais, na yeye akiwamo. Dodoma, Julai, jina lake halikuingia hata kwenye 5 bora. Waliopita walikuwa John Magufuli, Bernard Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Lowassa naye alikatwa, na kabla Julai haijaisha akahamia CHADEMA na kuitikisa nchi.

Pinda hakuhamia popote. Hakugombea tena ubunge. Novemba 2015 Kassim Majaliwa akaapishwa kuwa Waziri Mkuu, na mzee akabeba virago vyake baada ya miaka 7 na miezi 9. Akahamia shambani kwake Zuzu, nje kidogo ya Dodoma, kwenye mizinga na mazao. Chama kiliendelea kumtumia, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikampata kuwa Mkuu wa Chuo.

Linganisha na Lowassa, aliyemtangulia, uone. Mmoja alikuwa mtu wa majukwaa, akipita barabarani watu wanafagia njia kwa kanga. Mwingine akipita hata mbwa habweki. Wote wawili waliutaka urais mwaka uleule, wote wawili waliukosa.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa kijiwe cha Inyonga, ubishi wenu tunaumaliza hivi. Wa kwanza, upole haukumwangusha mzee, mara mbili zote alizoyumba ni pale alipojaribu kuwa mkali. Wa pili, upole pekee haukumpandisha, kulikuwa na miaka 20 ya kazi ambayo hakuna mtu aliyeiona. Na wewe wa dumu la asali, swali lako ndilo zuri kuliko yote. Machozi yalikauka, "wapigwe tu" limebaki utani wa wazee. Lakini tangazo la serikali lililoandikwa mwaka 2012, kwa karatasi na mhuri, bado lipo, na kwa sababu yake mtu akiandika barua leo anaweza kuandika juu ya bahasha: Wilaya ya Mlele, Inyonga. Na itafika.